Mililita 100, betri na viatu: je, ukaguzi wa viwanja vya ndege umezidi kipimo?

Chupa ya losheni ya mililita 150 iliyobaki robo huzuiwa kwenye begi la mkononi katika viwanja vingi vya kimataifa. Abiria hulalamika kwamba kilichomo hakifiki hata mililita 40, na kwa hesabu ana haki. Lakini mkaguzi hapimi kilichomo. Anasoma ujazo ulioandikwa kwenye chombo, ambao ukomo wake ni mililita 100, kwa kuwa ana sekunde chache kwa kila begi na kukadiria kwa macho kungezaa ubishi katika kila trei.

Swali la kama kanuni hizi zimezidi halijibiki kwa mkupuo. Karibu kila moja iliwekwa kuziba pengo la mashine fulani mbele ya tishio fulani. Pengo likiwa bado lipo, kanuni ina kazi hata kama inaudhi. Mashine ikibadilika na kanuni ikabaki vilevile, hapo abiria anabebeshwa mzigo usio na faida kwa mtu yeyote.

Tuanze na vimiminika. Agosti 2006 polisi wa Uingereza walivunja njama ya kulipua ndege kadhaa za kuvuka Atlantiki kwa vilipuzi vya majimaji vyenye haidrojeni peroksaidi, ambavyo vingefichwa ndani ya chupa za vinywaji. Mbinu hiyo haikuwa ngeni. Disemba 1994, bomu la naitrogliserini iliyopitishwa ndani ya chupa ya dawa ya lenzi za macho lililipuka katika ndege ya Philippine Airlines 434 na kumuua abiria mmoja. Baada ya njama ya 2006, vimiminika vilizuiwa karibu vyote kwa muda. Kufikia Novemba mwaka huo Umoja wa Ulaya ukaweka kipimo kinachojulikana leo: kila chombo kisizidi mililita 100, na vyote vitoshee katika mfuko mmoja wa plastiki unaopitisha mwanga na unaofungika, wenye ujazo wa lita 1. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, likazishauri nchi wanachama zifuate mkondo huo kuanzia Machi 2007.

Kiini cha kanuni hiyo kimo ndani ya mashine. Eksirei ya kawaida ya mizigo humulika begi kwa miale ya viwango viwili vya nguvu, kisha hupaka rangi: chungwa kwa vitu vya asili ya kaboni na maji, buluu kwa metali nzito, kijani kwa vilivyo katikati. Maji, shampuu, juisi na peroksaidi vyote huangukia kwenye chungwa. Mkaguzi anaona chupa imejaa kitu, lakini hawezi kujua ni kitu gani. Picha yenyewe ni bapa, kwa hiyo vitu hulaliana. Ndiyo maana kompyuta ya mkononi hutolewa na kuwekwa kwenye trei peke yake: betri na bodi zake huficha kilicho chini yake, na ikiwa ndani ya begi lililosongamana hata yenyewe haichunguziki vizuri. Hofu hiyo ina msingi. Februari 2016, muda mfupi baada ya ndege ya Daallo 159 kupaa kutoka Mogadishu, bomu lililofichwa ndani ya kompyuta ya mkononi lilitoboa ubavu wa ndege. Ndege ilikuwa haijafika juu sana, tofauti ya mgandamizo wa hewa kati ya ndani na nje ikawa ndogo, na rubani akaweza kuirudisha.

Mashine mpya za tomografia hufanya kazi kwa namna nyingine. Hupiga begi picha kutoka pembe nyingi, hujenga umbo la pande tatu, na hupima msongamano wa kila kitu kilichomo. Zikithibitishwa kwa kiwango kinachotakiwa, kompyuta na vimiminika vinaweza kubaki begini, na baadhi ya viwanja huruhusu vyombo vikubwa zaidi. Ila safari haijanyooka: tarehe 1 Septemba 2024 Umoja wa Ulaya ulirejesha kwa muda ukomo wa mililita 100 hata katika viwanja vyenye mashine hizo, ukitaja sababu za kiufundi. Kwa abiria maana yake ni moja: funga begi kwa kufuata kiwanja kikali kuliko vyote katika safari yako, vikiwemo vya kuunganishia na cha kurudi. Anayeondoka na chupa ya nusu lita kutoka kiwanja chenye mashine mpya huipoteza kwenye kiwanja cha pili. Na mpiga picha anayetumia filamu aombe ikaguliwe kwa mkono, maana tomografia huiharibu kuliko eksirei ya zamani.

Neno kimiminika nalo lina upana unaowashangaza wengi. Dawa ya meno, asali, siagi ya karanga, jeli ya nywele na vya kupuliza vyote vimo. Maziwa ya mtoto na dawa za lazima huruhusiwa kuzidi mililita 100, mradi uzitoe mapema na kuzitaja kabla begi halijaingia kwenye mkanda.

Viatu ni mfano wa kanuni iliyopitiliza muda wake. Disemba 2001, Richard Reid alijaribu kuwasha kilipuzi kilichofichwa ndani ya viatu katika ndege ya Paris kwenda Miami. Geti la kugundua metali halioni kilipuzi kisicho na metali, kwa hiyo hatua ilihitajika. Marekani iliwavua abiria karibu wote viatu tangu 2006 hadi Julai 2025. Nchi nyingine nyingi ziliwavua wale tu ambao kengele ililia au kiatu kilitiliwa shaka, na huo ndio uliokuwa uamuzi wa busara zaidi.

Visu vidogo pia vinastahili kutazamwa upya. Ulaya inaruhusu kisu chenye makali yasiyozidi sentimita 6. Marekani hairuhusu kisu chochote chenye makali. Tangu Novemba 2003 ICAO inataka ndege kubwa za abiria ziwe na mlango wa chumba cha rubani ulioimarishwa dhidi ya kuvunjwa. Mwenye kisu kifupi bado anaweza kumjeruhi mtu, lakini kuiteka ndege ni jambo jingine. Marufuku kamili, kwa maoni yetu, imezidi.

Kanuni ambayo hatungependa ilegezwe hata kidogo ni ya betri za lithiamu, na hii haihusu ugaidi. Seli ya betri iliyopata hitilafu hujipasha moto yenyewe, ikaambukiza jirani yake, na moto ukaendelea hata pasipo mwali wa nje. Gesi ya kuzimia moto katika sehemu ya mizigo huzima miali lakini haipoozi seli. Ndani ya chumba cha abiria, mhudumu ataona moshi na kumwaga maji mengi hadi betri ipoe. Kwa hiyo pawabanki na betri za akiba hubebwa mkononi tu, kamwe si kwenye begi la kukabidhi.

Hesabu yake ni rahisi: zidisha miliampia-saa (mAh) kwa volti za seli, gawanya kwa 1,000, upate wati-saa (Wh), yaani kiasi cha nishati ya betri. Pawabanki ya 20,000 kwa volti 3.7 ni wati-saa 74, chini ya 100, inapita bila idhini. Ya 30,000 ni 111, na kuanzia 100 hadi 160 unahitaji idhini ya shirika la ndege, zisizidi mbili. Juu ya 160 haipandi. Kosa la kawaida ni kutumia volti 5 za tundu la kuchajia badala ya 3.7 za seli. Maandishi yakifutika, mkaguzi hana cha kuthibitishia, na huenda akaizuia.

Kuhusu skana ya mwili: mawimbi yake ya milimita ni hafifu sana, hayafanani na eksirei, na skrini huonyesha mchoro uleule wa mwili kwa kila abiria, wenye alama mahali pa kuchunguza. Hata karatasi laini mfukoni huleta alama, kwa hiyo mifuko iwe mitupu kabisa. Kitambaa kinachopitishwa mikononi hutafuta chembe za vilipuzi. Losheni yenye gliserini, mbolea, na dawa ya moyo ya naitrogliserini vinaweza kukiamsha. Kengele hiyo si tuhuma. Taja dawa yako na usubiri kipimo cha pili.

Mwanadamu aliye nyuma ya skrini ana mipaka pia. Ulaya humtaka asitazame picha mfululizo zaidi ya dakika 20, kisha apumzishe macho dakika 10 angalau. Mashine humpenyezea picha bandia za silaha ili asizubae. Mwaka 2015 ilifichuka kwamba wapimaji wa siri nchini Marekani walifaulu kupitisha vitu vilivyokatazwa mara 67 kati ya 70. Kuongeza orodha ya marufuku hakutibu tatizo hilo. Orodha fupi humwachia mkaguzi nafasi ya kutafuta kilipuzi badala ya mkasi wa kucha.

Usumbufu mkubwa usio na sababu ya kutosha ni kukaguliwa upya unapounganisha ndege, ilhali umetoka eneo lililokaguliwa. Nchi zisizotambua ukaguzi wa nyingine huanza upya, na hapo ndipo chupa za dukani hupotea. Ukinunua kimiminika baada ya ukaguzi, muuzaji akifunge katika mfuko maalumu wenye lakiri, risiti ionekane ndani, na usiufungue hadi mwisho wa safari. Hata hivyo, kiwanja cha kuunganishia kikikosa kifaa cha kupima chupa iliyofungwa hivyo, kitaichukua. Muulize muuzaji kabla ya kulipa, ukimtajia kiwanja unachopitia. Akisita, nunua kwenye kiwanja cha mwisho.