Honda na roketi inayorudi: mtengeneza magari anatafuta nini angani?

Tarehe 17 Juni 2025, katika mji mdogo wa Taiki kisiwani Hokkaido, kaskazini mwa Japani, kampuni ya Honda ilirusha roketi ya majaribio yenye urefu wa mita 6.3. Ilipanda hadi mita 271.4, ikashuka ikiwa wima, ikasimama kwa miguu yake sentimita 37 tu kutoka pale ilipopangiwa kutua. Safari nzima ilichukua sekunde 56.6. Tangu video yake ianze kuzunguka WhatsApp, sisi tunaofundisha ufundi mitambo hapa Dodoma tunaulizwa swali lilelile, na wanaouliza zaidi ni mafundi gereji: hawa si ndio wa pikipiki, jenereta na pampu za kumwagilia? Wana nini na anga?

Wana mengi. Katika roketi ya kurudi, kuruka si kazi ngumu kuliko zote. Ngumu ni kutua salama na kuruka tena, na hapo fundi wa magari ana la kusema.

Tuanze na kutua. Roketi inayoshuka kwa injini ni kama mchi uliosimamishwa wima kiganjani: ukiacha kuusawazisha hata kidogo, umelala. Ndani yake kuna sensa zinazopima kasi, umbali hadi chini na namna inavyoinama. Kompyuta inasoma vipimo hivyo mara nyingi kila sekunde, kisha inaamuru roketi ijiweke sawa kabla mwinamo haujazidi. Fundi umeme wa magari aliyewahi kushughulika na breki za ABS, zile zinazozuia magurudumu yasijifunge gari linapofunga breki ghafla, anaujua utaratibu huo: pima, amua, rekebisha, pima tena, mfululizo, bila kumsubiri dereva. Honda wenyewe wamesema roketi hii imetumia ujuzi walioupata kwenye bidhaa zao mbalimbali na kwenye mifumo ya magari yanayojiendesha.

Halafu kuna suala la moto. Roketi ya Honda iliondoka ardhini ikiwa na kilo 1,312. Tangi zikiwa tupu ina kilo 900. Maana yake, wakati wa kutua ni nyepesi sana kuliko ilipoondoka, na injini ikibaki na nguvu ileile itaisukuma juu badala ya kuishusha. Ni lazima moto upunguzwe, na upunguzwe kwa kipimo. Lakini injini ya roketi haipendi kupunguziwa. Mafuta yakiingia kidogo mno, mwako unayumba, chemba ya kuunguzia mafuta inatetemeka, na injini inaweza kuzimika au kupasuka. Anayepima nozeli za dizeli, zile zinazopulizia mafuta ndani ya injini, anajua jinsi mpuliziko mbovu unavyoharibu mwako, na kampuni iliyokaa miongo mingi ikitafuta namna ya kuunguza mafuta kidogo bila injini kuyumba haianzii sifuri.

Wala Honda si wa kwanza kupita njia hii. Februari 1970 Japani ilirusha setilaiti yake ya kwanza, Ohsumi, kwa roketi iliyotengenezwa na Nissan. Ndiyo, Nissan hawahawa wa pikapu. Kitengo chao cha anga walikiuza mwaka 2000. Toyota nao, kupitia kampuni yao tanzu ya Woven by Toyota, walitangaza mwanzoni mwa 2025 kuwekeza kama yeni bilioni 7 katika Interstellar Technologies, kampuni ya roketi iliyoko hukohuko Taiki.

Sasa tushushe shangwe kidogo. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Kama roketi ile ingerushwa kutoka ufukwe wa Dar es Salaam, isingefika hata robo ya mwinuko tunaoishi sisi. Mpaka wa anga za juu unaotajwa mara nyingi ni kilomita 100. Hata ukifika huko hujawa setilaiti: usipokuwa na kasi ya kama kilomita 28,000 kwa saa, unarudi chini. Kasi hiyo inadai mafuta ya kutisha. Mafuta na kemikali ya kuyaunguza vilikuwa chini ya theluthi ya uzito wa roketi ya Honda. Kwenye roketi ya Falcon 9 ya kampuni ya Marekani ya SpaceX ni zaidi ya asilimia 90. Vyuma, waya na mzigo vyote vinagombania kilichobaki. Kwa hiyo Honda wamejithibitishia uwezo wa kutua, si wa kubeba. Lengo lao ni kufika anga za juu, bila kuzunguka dunia, ifikapo 2029, na hawajaamua kama watafanya biashara hiyo.

Kutua nako hakutoshi. Falcon 9 ilirejesha kipande chake cha chini kwa mara ya kwanza Desemba 2015, lakini kipande kilichowahi kuruka hakikupeleka mzigo tena hadi Machi 2017. Vyombo vya Space Shuttle vya Marekani, vilivyobeba wanaanga na kurudi kutua kama ndege, viliruka mara 135 kati ya 1981 na 2011, na vilikuwa vya kutumika tena, ila kila safari ilifuatwa na matengenezo marefu na ya gharama kubwa, hivyo nafuu iliyotarajiwa haikuonekana. Kinachoamua bei ni sevisi: fundi anafungua nini, anabadilisha nini, na chombo kinarudi kazini baada ya muda gani. Kwa maoni yangu, hapa ndipo watengeneza magari wanapoweza kuwazidi wengi, kwa sababu wamezoea kubuni kitu huku wakifikiria mkono wa atakayekifungua. (Ingawa kuna magari ambayo kubadilisha taa tu lazima ung'oe bampa. Mjadala huo tuuache.)

Nafuu ya bei inatufikia. Setilaiti ya Kenya, Taifa-1, iliruka tarehe 15 Aprili 2023 kwa Falcon 9 ambayo kipande chake cha chini kilikuwa kimesharuka safari nyingine, nayo ikagawana nafasi na mizigo mingine kadhaa. Nchi ndogo hulipia siti, si basi zima. Na setilaiti zikiwa nyingi, picha za mawingu wanazotumia wataalamu wa hali ya hewa huongezeka, jambo lenye uzito kwa mkulima wa mtama au alizeti wa Bahi na Kongwa anayetegemea msimu mmoja wa mvua.

Kuna wanaouliza pia kama roketi zinaweza kurushwa kutoka hapa. Kwa mzunguko wa dunia tuna bahati: tuko nyuzi kama 6 kusini mwa ikweta, ambako dunia yenyewe hukusukuma kuelekea mashariki kwa zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa, wakati Taiki hupata kama 1,200. Tatizo ni kilichoko mashariki. Kwa jaribio la mita 271 Honda waliweka eneo la tahadhari la nusu kipenyo cha kilomita moja. Roketi ya kwenda kuzunguka dunia huhitaji mamia ya kilomita yasiyo na watu mbele yake, maana inaweza kuharibika njiani. Taiki mbele yake ni Pasifiki. Waitaliano waliorusha roketi karibu na Malindi kuanzia miaka ya 1960 waliweka jukwaa baharini kabisa. Mashariki ya Dodoma kuna Gairo, Morogoro, halafu Dar es Salaam.