Miraflores, Lima: yanayosemwa na yaliyopo

Miraflores ni wilaya ya kitajiri jijini Lima, Peru, yenye ukubwa wa karibu kilomita za mraba 10, juu ya magenge yanayotazama Pasifiki. Bustani zake za kijani huwasahaulisha wageni kwamba hapa ni jangwani, na dhana nyingi potofu huanzia hapo.

Dhana: Ni nchi ya tropiki, jua halikosekani.

Wilaya hii iko latitudo ya 12 kusini, sawa na Komoro. Ila pwani yake inapitiwa na mkondo wa Humboldt, wenye maji baridi. Hewa iliyo juu ya maji hayo hupoa, ya juu zaidi hubaki na joto, basi wingu hunaswa chini na kukaa hivyo wiki nzima. Kuanzia Juni hadi Oktoba, beba sweta. Anayetaka jua aende Januari hadi Machi, na asisahau kofia, maana jua hilo huchoma kwelikweli.

Dhana: Jangwani nguo hukauka upesi.

Mvua ya mwaka kwa kawaida haifiki milimita 20, lakini unyevu hewani mara nyingi hupita asilimia 80. Viatu vya ngozi vikifungiwa kabatini mwezi Julai huota koga. Fleti zinazotazama bahari ndizo ghali, na ndizo zinazoliwa na chumvi. Kabla ya kupanga, nusa ndani ya makabati ya ukutani, kisha kagua bawaba na skrubu za madirisha: kutu hapo ni dalili ya gharama zijazo.

Dhana: Huaca Pucllana ilijengwa na Wainka.

Piramidi hii iliyozungukwa na maghorofa ni kazi ya watu wa utamaduni wa Lima, kati ya miaka ya 200 na 700. Wainka walifika bonde hili karne ya 15. Ukisogelea ukuta utaona vitofali vidogo vya udongo mbichi vimesimamishwa wima, safu juu ya safu, kama vitabu kwenye rafu. Kati yao wajenzi waliacha nafasi makusudi. Tetemeko likipita, vitofali hucheza ndani ya nafasi hizo badala ya ukuta mzima kupasuka. Huu ni uhandisi wa kuheshimiwa, na inauma kwamba sehemu ya eneo lake ilimezwa na nyumba kabla uchimbaji na ukarabati wa kudumu haujaanza mwaka 1981. Ukame nao ulisaidia: udongo huo usingestahimili masika hata machache.

Dhana: Ushuani hakuna wizi.

Kuna ulinzi mwingi kuliko wilaya nyingi za Lima, lakini simu hukwapuliwa, hasa na wenye pikipiki. Walinzi wa manispaa, serenazgo, si polisi. Ukiibiwa pasipoti, taarifa huandikishwa kituo cha polisi. Simu yao ni 105. Teksi za barabarani hazina mita: patana bei kabla ya kupanda.

Dhana: Chini ya magenge kuna fukwe za mchanga.

Nyingi ni za mawe ya mviringo, kwa hiyo vaa viatu vya majini. Magenge yenyewe ni kokoto zilizoshikana na huporomosha mawe, ndiyo maana sehemu zake zimefunikwa nyavu. Usitandike taulo chini yake. Ukisikia tetemeko kubwa ukiwa ufukweni, usingoje king'ora cha tsunami wala usirudie gari, kwani barabara ya chini hufunga kwa foleni. Panda ngazi kwa miguu mara moja hadi juu.