Kesi ya Dred Scott: yanayosimuliwa na yaliyotokea

"Dred Scott alikuwa mtumwa mtoro, akakamatwa, akashtakiwa." Makosa matatu kwa pumzi moja. Hakutoroka, hakukamatwa, na mshtaki alikuwa yeye. Bwana wake, John Emerson, alikuwa daktari wa jeshi la Marekani, na alipohamishwa kikazi alikwenda naye: kwanza Illinois, jimbo lisiloruhusu utumwa, kisha ngome ya Fort Snelling huko kaskazini, ambako Bunge lilikuwa limeupiga utumwa marufuku tangu 1820. Dred aliporudishwa St. Louis, Missouri, jimbo lililoruhusu utumwa, alidai kwamba aliyekwisha kukaa katika nchi ya watu huru hawezi kurudishwa utumwani. Wala hakuwa akibahatisha. Mahakama za Missouri zenyewe zilikuwa zikiwaachia watu kwa hoja hiyo hiyo tangu miaka ya 1820.

"Ilikuwa kesi ya mwanamume mmoja." Tarehe 6 Aprili 1846 zilifunguliwa kesi mbili dhidi ya mjane wa Emerson, moja ya Dred na nyingine ya mkewe Harriet. Hiyo ya pili husahaulika, ingawa kwa maoni yangu ndiyo iliyokuwa nzito zaidi, maana sheria ilifuata tumbo: mtoto wa mjakazi ni mtumwa, wa mwanamke huru ni huru. Nao walikuwa na mabinti wawili, Eliza na Lizzie. Eliza alizaliwa melini, kwenye mto Mississippi, kaskazini mwa mpaka wa Missouri. Kesi ilipozidi kuvutana, sherifu aliwakodisha kazi wazazi hao na kuushika ujira wao hadi ijulikane ni wa nani. Yaani hata jasho lao lilikuwa likingoja hukumu.

Wapo pia wanaodhani alishindwa katika kila mahakama. La. Mwaka 1850 jopo la Wazungu watupu liliwapa uhuru. Mahakama ya Juu ya Missouri ikawanyang'anya mwaka 1852, majaji wawili dhidi ya mmoja, ikisema zama zimebadilika. Shauri likapanda hadi mahakama za shirikisho, mdaiwa sasa akiwa John Sanford, kaka wa mjane wa Emerson. Jina lake lilikosewa, likaandikwa Sandford, na vitabu vya sheria vinalo hivyo mpaka leo.

Kosa kubwa kuliko yote ni kusema kwamba Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua tu kuwa mtumwa si raia. Ingekuwa hivyo, watu wasingeshtuka sana. Tarehe 6 Machi 1857, kwa kura 7 dhidi ya 2, Jaji Mkuu Roger Taney alitamka kwamba mtu mweusi aliyetokana na Waafrika walioletwa kuuzwa, awe mtumwa au mwungwana, si raia wa Marekani na hawezi kuwa. Kwa hiyo mweusi huru wa Boston, mlipa kodi na mpiga kura, naye alivuliwa uraia siku hiyo. Taney aliandika kwamba waasisi wa taifa waliwaona weusi kuwa hawana haki yoyote ambayo Mzungu alilazimika kuiheshimu. Wanaomtetea husema alikuwa akisimulia historia tu. Lakini historia yenyewe haikuwa kamili: Jaji Benjamin Curtis, mmoja wa wawili waliopinga, alionyesha kwamba enzi za waasisi hao weusi huru walikuwa na haki ya kupiga kura katika majimbo matano.

Taney aliongeza kwamba Bunge halina mamlaka ya kuzuia utumwa katika maeneo mapya. Sheria ya 1820 ilikuwa imekwisha kufutwa mwaka 1854, lakini sasa hata kuirudisha kukawa hakuwezekani.

Je, hukumu hiyo ndiyo iliyoanzisha vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani? Iliuchochea moto uliokuwa ukiwaka. Huko Kansas, mojawapo ya maeneo hayo mapya, watu walikuwa wakiuana kwa sababu ya utumwa kabla haijasomwa, na vita vyenyewe vilianza 1861.

Dred hakufa mtumwa. Mjane wa Emerson alikuwa ameolewa na mbunge mpinga utumwa, na aibu ikawa kubwa. Familia ikakabidhiwa kwa Taylor Blow, mtoto wa bwana wa kwanza wa Dred, aliyewaacha huru tarehe 26 Mei 1857. Dred akawa mbeba mizigo hotelini, akafa kwa kifua kikuu Septemba 1858.

Na mahakama haikujisahihisha. Hukumu ilifutwa na marekebisho ya Katiba, la 13, lililokomesha utumwa, na la 14. Hilo la pili, la 1868, lilitamka kwamba aliyezaliwa Marekani na kuwa chini ya mamlaka yake ni raia. Harriet alikuwa bado hai. Alifariki mwaka 1876.