Risasi ya kasi na upepo wa Boma Ng'ombe

Nimechoka kulijibu hili kwenye simu, kwa hiyo naliandika mara moja. Atakayeniuliza tena nitamtumia hapa.

Ujumbe wa wiki hii umetoka kwa kaka mmoja mwenye shamba la mahindi upande wa Sanya Juu. Katuma picha ya risasi za .22-250, aina ndogo yenye kasi kubwa, na maneno aliyookota kwenye video za Wamarekani: "Fundi, niagizie bunduki ya hii, nipige nyani wakiwa mbali. Inakwenda kasi mpaka upepo hauigusi."

Upepo hauigusi! Nayasikia maneno haya kwa wawindaji wakazi, kwa madereva wa kampuni za uwindaji hapa Arusha, na kwa wageni wanaoshuka uwanja wa ndege wa KIA na masanduku ya bunduki yenye thamani ya kiwanja. Kila mmoja anayasema kama mtu aliyeyashuhudia.

Tuanze na nyani, tummalize haraka. Nyani hawi wako kwa sababu kala mahindi yako. Ni mnyamapori, yuko chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na akiharibu mazao unaripoti kwa afisa wanyamapori. Bunduki nayo iko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Mchezo wenyewe wa kupiga waharibifu wadogo kutoka mbali ni wa Marekani. Huko kuna mnyama wa jamii ya kindi, kilo moja hivi, anayechimba mashimo kwenye malisho na kuwaudhi wafugaji. Risasi anayopigwa ina kichwa, ile sehemu inayoruka kutoka mtutuni, chenye ngozi nyembamba na kilichokusudiwa kusambaratika kikigusa chochote, ili kisidunde na kwenda kwenye nyumba ya mtu. Ukimpigia nyani dume wa kilo ishirini na tano, kitapasukia juu ya bega, naye atakwenda kuteseka porini siku kadhaa. Hiyo si kazi ya mtu mwenye akili. Basi, nyani ameisha.

Sasa kasi. Sina ugomvi na kasi yenyewe. Kampuni ya Winchester walipotoa risasi ya .220 Swift mwaka 1935, kichwa cha greni 48 (greni ni kipimo cha uzito, hizo ni kama gramu tatu) kilitoka mtutuni kwa zaidi ya futi 4,000 kwa sekunde, yaani zaidi ya mita 1,200. Mpaka leo hiyo ni kasi ya kutisha. .22-250 ilikuwa kazi ya mafundi wa mitaani waliobana shingo ya ganda (kile kikopo kinachobeba baruti) la risasi nyingine, .250 Savage, na kampuni ya Remington wakaja kuirasimisha mwaka 1965. Wote hao walikuwa na sababu nzuri. Mwindaji wa wakati ule hakuwa na kipima umbali cha leza. Alikadiria kwa jicho. Ukidhani mnyama yuko mita 250 kumbe yuko 300, risasi ya kasi inakusamehe, kwa sababu bado haijadondoka sana. Risasi ya taratibu haikusamehe.

Leo kipima umbali kinaingia mfuko wa shati. Unabonyeza, unasoma mita 412, unazungusha kitufe cha darubini, basi. Mvutano wa ardhi haubadiliki kati ya asubuhi na mchana. Kudondoka kwa risasi kumekuwa hesabu ya kusoma kwenye karatasi, na faida kubwa kabisa ya kasi imeondoka nayo. Kilichobaki ni upepo, na hapo ndipo watu wanapofikiri kasi itawaokoa.

Hoja yao naielewa. Risasi ikikaa hewani muda mfupi, upepo unapata muda mfupi wa kuisukuma. Inaingia akilini vizuri, ndiyo maana haifi. Lakini risasi haisukumwi ubavuni kama gunia lililoning'inizwa. Ikitoka mtutuni inazunguka, na pua yake inajigeuza kidogo kuelekea hewa inakotokea. Tangu hapo ule ukinzani wa hewa unaoipunguza kasi unaivuta nyuma na pembeni kidogo kwa pamoja. Kwa hiyo usiulize imekaa hewani muda gani. Uliza imecheleweshwa kiasi gani na hewa. Toa muda ambao ingetumia kama hewa isingekuwepo kwenye muda iliotumia kweli, kisha zidisha na upepo wa ubavuni. Kanuni hii ni ya zamani na inafanya kazi vizuri kupita kiasi.

Chukua namba, maana bila namba tutabishana mpaka Krismasi. Umbali ni yadi 500, mita 457. Upepo unavuka kutoka kushoto kwa mita 4.5 kwa sekunde, upepo wa kawaida tu wa saa nne asubuhi pale uwanda wa Boma Ng'ombe.

.22-250 yenye kichwa cha greni 55, ikitoka kwa futi 3,680 kwa sekunde, inafika baada ya takribani sekunde 0.57. Bila hewa ingetumia 0.41. Imecheleweshwa 0.16. Zidisha na 4.5: imehama sentimita 72.

Risasi nyingine, 6.5 Creedmoor, yenye kichwa kirefu chembamba cha greni 140, ikitoka kwa futi 2,710 tu, inafika baada ya sekunde 0.645. Bila hewa ingetumia 0.553. Imecheleweshwa 0.092. Imehama kama sentimita 41.

Soma tena. Ile ya taratibu imechelewa kufika, imekaa hewani muda mrefu zaidi, na bado upepo umeihamisha zaidi kidogo ya nusu ya mwenzake. Nikiwaonyesha watu hesabu hii, wengine hukaa kimya, wengine huniuliza kama simu yangu ina hitilafu.

Sababu ni umbo na uzito. Kichwa kifupi chepesi kinaanza mbio na kinaishiwa pumzi mapema. Kirefu kizito kinahifadhi kasi yake. Na kumbuka kosa halisi la mpigaji huwa ni kuukadiria upepo vibaya. Ukisema mita 4.5 kumbe ni 5.5, ile ya kasi inakuhamia sentimita 16 nyingine na ile nzito 9. Mnyama wa Marekani ana upana wa sentimita nane au kumi. Fanya hesabu mwenyewe.

Kuna na wale wa kuongeza baruti ndani ya risasi. Wamepata futi 100 zaidi kwenye kipima kasi, wanapiga picha ya kioo, wanatuma kwenye makundi. Futi 100 kwenye ile greni 55 zinakupunguzia upepo sentimita mbili tatu kwenye yadi 500. Wewe huwezi kuusoma upepo kwa usahihi huo, mimi siwezi, na bila shaka aliyetuma picha hawezi.

Kusoma upepo ndiko kunakokula muda wa mtu. Darubini yenye ukuzaji mkubwa inakuonyesha mazigazi, yale mawimbi ya hewa yenye joto, juu ya ardhi iliyopata jua. Yakilala kulia, upepo unakwenda kulia. Yakisimama na kuchemka kwenda juu, ama hakuna upepo, ama unakujia usoni au mgongoni, ama unataka kugeuka, subiri. Ukiona chamchela inatembea na vumbi katikati ya njia, weka chini bunduki unywe chai. Vitabu vinakuambia upepo ulio karibu na mpigaji una uzito zaidi, kwa sababu risasi ikipewa mwelekeo mbaya mapema inaubeba mpaka mwisho. Kwa karatasi ni kweli. Uwandani kati ya Meru na Kilimanjaro nimeona nyasi za karibu zikilala upande mmoja na vumbi la mbali likienda upande mwingine, na risasi ikautii upepo wa mbali. Pengine kule juu, risasi inakopita, kulikuwa na upepo wa tatu ambao hakuna jani la kuuonyesha. Anayekuambia ana fomula ya hali hiyo anakuuzia programu ya simu.

Mwinuko nao, kwa kifupi. Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya bahari na hewa yetu ni pungufu kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Risasi inateleza vizuri zaidi hapa kuliko Tanga. Mita 100 hutaona tofauti. Mita 450 utaiona. Jedwali lililochapishwa nyuma ya boksi ni la usawa wa bahari. Na usiache risasi kwenye dashibodi ya Land Cruiser juani, kwa sababu baruti yenye joto inaungua tofauti na kasi inabadilika. Hili nalisema kila msimu ukianza Julai, na kila Julai nazikuta dashibodini.

Sasa, kama bado unataka bunduki ya kupiga mbali na vibali unavyo, sikiliza mahali pa kuweka fedha. Mitutu mizuri inatoka nje. Kazi ya fundi ni kukusaidia kuuchagua, kuukalisha kwenye kitako na kuirekebisha darubini ipatane na mtutu. Jambo la kwanza kuuliza ni mifereji ya ndani, ile inayoizungusha risasi, inamaliza mzunguko mmoja kwa inchi ngapi. .22-250 nyingi za kiwandani zina mzunguko wa inchi 14. Huo unatosha vichwa vifupi mpaka greni 55 hivi. Kichwa kirefu hakitulii humo, kinaanza kuyumba na kuchana karatasi ya shabaha kwa ubavu. Urefu wa kichwa ndio unaodai mzunguko wa haraka. Uzito unasingiziwa tu kwa kuwa huandamana na urefu.

Agiza mtutu wa mzunguko wa inchi 8, weka kichwa cha greni 75 au 80, na ganda lile lile la .22-250 linakuwa bunduki nyingine. Hapo mteja huninunia, maana namba ya kasi imeshuka na hana tena cha kujisifia. Anataka mzunguko wa inchi 8 na bado apige kile cha greni 55 kwa futi 3,680. Kwa mtutu wa mzunguko wa inchi 14 kichwa hicho kinazunguka karibu mara 190,000 kwa dakika. Kwa mzunguko wa inchi 8 ni zaidi ya 330,000. Ngozi ile nyembamba inaweza kushindwa, na kichwa kikapasuka hewani kabla ya kufika popote. Unaona kidoa cha moshi wa kijivu katikati ya njia na karatasi haina tundu. Mpigaji analaumu darubini.

Halafu kasi inakula mtutu. .223 na .220 Swift zina tundu la kipenyo kile kile, inchi 0.224, ila Swift inachoma baruti nyingi zaidi kwa mbali. Moto wote huo unapita mlango uleule. Pale mifereji inapoanzia, mbele tu ya chemba (mahali risasi inapokaa), chuma kinapasuka nyufa ndogo kama tope lililokauka, kisha kinaliwa. Mtutu wa .223 unakwenda maelfu mengi ya risasi. Ya kasi kali, ukiipiga mfululizo ikiwa moto, inachakaa mapema sana. Mtutu mnene hauondoi tatizo hili. Unachelewesha joto, basi. Ukishindwa kuushika kwa mkono, acha kupiga.

Kitako: usichukue mbao ya bei rahisi ukiwa Moshi na masika ile. Mbao inavimba, inagusa mtutu, na lengo linahama bila wewe kugusa chochote. Mtutu usiguse kitako popote mbele ya chemba. Karatasi ipite chini yake bila kukwama. Darubini: nunua yenye vitufe vinavyorudi pale vilipoanzia kila mara, ukuzaji baadaye.

Kuna mambo ya fundi ambayo siyaamini tena kama zamani. Ule utaratibu wa kupiga risasi moja, kusafisha, moja, kusafisha, ili mtutu mpya "uzoee". Naufanya kwa mteja akiutaka, na sijawahi kuona tofauti ninayoweza kuiapia mahakamani. Na huku kutafuta kipimo cha baruti ambacho mtutu "unakipenda" kwa kupiga risasi tatu tatu. Matundu matatu yaliyobanana yanaweza kuwa bahati tupu. Piga ishirini za kipimo kile kile uone yanavyotawanyika. Wengi hawapigi ishirini, kwa sababu risasi ni ghali na kwa sababu wataharibu picha. Anayesema bunduki yake inapiga chini ya dakika moja ya pembe, yaani matundu yote ndani ya sentimita 2.9 kwenye mita 100, siku nzima, naomba aje nayo uwandani saa nane mchana.

Kaka wa Sanya Juu, jibu lako: hapana kwa nyani. Kama ni shabaha za chuma kwenye uwanja halali, njoo na leseni na vibali vyako tuongee habari ya 6.5. Na uje asubuhi na mapema, kabla upepo haujaanza.