Jalada lisilojibiwa: kinachompa moyo mtumishi wa halmashauri

Kwa miaka kumi na mmoja nilikuwa afisa utumishi katika halmashauri mbili za wilaya, kabla ya kuingia katika kazi ya kuzishauri halmashauri kuhusu usimamizi wa watumishi. Katika muda wote huo sikuhudhuria semina hata moja ambayo haikufika kwenye swali la motisha, na majibu yalikuwa mawili tu: kundi moja husema mishahara iongezwe, na kundi la pili, ambalo kwa kawaida hukaa meza kuu, husema watumishi wamepoteza uzalendo. Sina ugomvi na nyongeza ya mshahara, maana nimeishi kwa mshahara huo. Lakini yale niliyoyaona kwenye majalada yamenifanya niamini kwamba sehemu kubwa ya tatizo letu si motisha ambayo haijaletwa, bali moyo ambao mtumishi alikuja nao siku ya kuripoti kazini na ambao ofisi ileile iliyompokea humnyang'anya kidogo kidogo.

Kulikuwa na mwalimu mmoja wa hisabati wa shule ya msingi aliyekuwa akija ofisini kwetu kila mwezi, mara nyingi siku ya Ijumaa. Alibeba bahasha ya kaki iliyokwisha kuchanika kwenye kona, na ndani yake mlikuwa na barua ya kupandishwa daraja, hati za mshahara na nakala tatu za barua za kukumbushia, kila moja ikiwa na muhuri wa masijala wa "Imepokelewa". Daraja lilikuwa limepanda kwenye karatasi, ila mshahara ulikuwa palepale. Siku moja niliomba jalada lake na kulisoma mwanzo hadi mwisho. Barua ya kwanza ilikuwa na dokezo la "Tafadhali shughulikia", ya pili ilikuwa na "Tuzungumze", na ya tatu haikuwa na dokezo lolote. Yeyote aliyefanya kazi serikalini anajua kwamba "Tuzungumze" ni mahali ambapo barua huenda kupumzika. Nilipomuuliza akija mjini nani hushika kipindi chake, alijibu kwamba hakuna, kwa sababu shule ilikuwa na walimu watano na yeye ndiye pekee aliyefundisha hisabati madarasa ya juu. Kwa hiyo kila dokezo ambalo halikuandikwa pale ofisini lilikuwa na gharama yake darasani, na waliokuwa wakiilipa ni watoto ambao hata hawakujua kuwa kuna jalada.

Ili kuelewa kwa nini jambo dogo namna hiyo linaweza kukaa mwaka mzima, inabidi kuangalia mwalimu wa Tanzania ana mabwana wangapi. Kupandishwa kwake daraja na nidhamu yake ziko chini ya Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015. Ikama, yaani idadi ya watumishi wanaoruhusiwa, na bajeti ya mshahara wake huandaliwa na halmashauri lakini huidhinishwa na wizara ya Utumishi na Hazina. Shule yake iko chini ya TAMISEMI, wizara ya tawala za mikoa na serikali za mitaa. Na mtaala anaoufundisha ni wa Wizara ya Elimu. Kila ofisi kati ya hizo inaweza kumwambia, bila kusema uongo, kwamba jambo lake liko ofisi nyingine.

Hali hii haikuanza jana. Serikali za mitaa zilifutwa mwaka 1972 katika mpango wa Madaraka Mikoani, zikarejeshwa mijini mwaka 1978, na halmashauri za wilaya zikaanza tena kazi mwaka 1984 baada ya sheria za mwaka 1982. Sera ya mwaka 1998 ya kupeleka madaraka kwa wananchi ilikusudia halmashauri ziwe waajiri kamili, zinazoajiri na kuwajibisha watumishi wao zenyewe. Hatukufika huko. Leo tuna halmashauri 184, wakurugenzi wake huteuliwa na Rais, na ajira nyingi hupitia Sekretarieti ya Ajira. Zipo sababu nzuri za kuweka ajira mahali pamoja, kwani nimeona kwa macho yangu jinsi ajira za ndani zilivyoweza kugeuka za ukoo, na pia ni kweli kwamba wilaya za pembezoni zikiachwa zitafute wataalamu zenyewe hazitawapata. Hata hivyo yapo matokeo ambayo hatuyasemi waziwazi: mtumishi humtazama yule anayeweza kumhamisha, na diwani aliyechaguliwa na wananchi si huyo. Ndiyo maana afisa anaweza kutuma taarifa ya robo mwaka mkoani kwa wakati bila kukosea hata nukta, huku mkutano wa kijiji ukimsubiri chini ya mwembe na yeye asitokee.

Nije kwenye posho, jambo ambalo watumishi hulizungumza kila siku ila huandikwa kwa nadra. Mwaka 2022 kima cha chini cha mshahara serikalini kilipandishwa kwa asilimia 23.3, na mwaka huohuo posho ya safari za ndani kwa watumishi wa ngazi za chini ikapanda kutoka shilingi 80,000 hadi 100,000 kwa siku. Kima cha chini kikawa shilingi 370,000, maana yake usiku wanne nje ya kituo cha kazi ukazidi mshahara wa mwezi mzima wa mtumishi wa kima hicho. Simlaumu anayezipigania safari. Ninachosema ni kwamba fedha huonyesha njia, na njia hii inamtoa bwana shamba shambani na kumpeleka ukumbini, kwa sababu kumtembelea mkulima wa mtama hakuna posho, bali kuhudhuria warsha kuhusu mkulima wa mtama kuna posho. Nyongeza ya mwaka 2025 iliyofikisha kima cha chini shilingi 500,000 imepunguza pengo hilo, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo faida yake ambayo haikutajwa kwenye hotuba za Mei Mosi.

Wataalamu wa utawala wana jina la ule moyo wa kutumikia umma. James Perry na Lois Wise waliuandika kwa mpangilio mwaka 1990, wakieleza kwamba baadhi ya watu huvutwa na kazi ya umma kwa huruma, kwa wajibu wa kiraia na kwa hamu ya kushiriki katika maamuzi, wala si kwa malipo peke yake. Nadharia hiyo inapendwa sana na meza kuu, maana inaonekana kama inatoa ruhusa ya kutolipa. Tafiti zilizofanyika karibu na kwetu zinaeleza jambo tofauti kidogo. Kenneth Leonard na Melkiory Masatu walichunguza matabibu wa mkoa wa Arusha wakiwa wanahudumia wagonjwa, wakagundua kwamba ubora wa huduma ulipanda mara tu mtafiti alipoketi chumbani, na baada ya wagonjwa kadhaa ukarudi ulipokuwa. Ujuzi wa daktari haukubadilika kati ya mgonjwa wa kwanza na wa mwisho, na mshahara wake haukubadilika pia. Kilichobadilika ni kwamba kulikuwa na mwenzake wa taaluma anayejali kile anachofanya, na baadaye daktari akamzoea. Nilipousoma utafiti huo nilikumbuka zahanati nyingi ambazo daftari la wageni lilionyesha kwamba msimamizi wa mwisho kutoka wilayani alifika miezi saba iliyopita, akasaini, akaandika "Kazi nzuri", akaondoka.

Utafiti mwingine ulifanyika katika shule 350 mwaka 2013 na 2014 kupitia KiuFunza, mpango wa shirika lisilo la kiserikali la Twaweza. Kundi moja la shule lilipelekewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi, kundi la pili likaahidiwa bonasi kwa walimu kwa kila mwanafunzi wa darasa la kwanza hadi la tatu aliyefaulu somo, na kundi la tatu likapata vyote viwili. Ruzuku peke yake haikuongeza ujifunzaji, bonasi peke yake ilileta matokeo ya kuchanganya, lakini shule zilizopata vyote kwa pamoja zilifanya vizuri kwa kiasi kinachoonekana. Nasoma matokeo hayo hivi: mwalimu asiye na vitabu hawezi kuifuata bonasi yako hata akiitaka, na vitabu vikija bila mtu kujali vimetumikaje vitabaki kabatini. Halmashauri hununua madawati kwa fungu moja na kusimamia walimu kwa fungu lingine, na kwenye vikao vya bajeti sikumbuki mafungu hayo mawili yakiwahi kujadiliwa siku moja.

Kuhusu tathmini ya utendaji nitakuwa mfupi, kwa sababu hata sisi tuliokuwa tukiisimamia tulikuwa wafupi. Fomu za OPRAS zilianza kutumika mwaka 2004, na kwa mtazamo wa maandishi zilikuwa nzuri: mtumishi na msimamizi wake wanakubaliana malengo Julai, wanayapitia katikati ya mwaka, wanapeana alama Juni. Ofisini kwetu zilijazwa Juni, mchana mmoja, na niliwahi kukuta wauguzi wawili wa vituo tofauti wenye malengo yanayofanana hadi kosa la tahajia. Mfumo wa kielektroniki wa PEPMIS uliochukua nafasi yake katika mwaka wa fedha 2023/24 umeondoa karatasi na umezuia kujaza mwaka mzima kwa siku moja, nayo si hatua ndogo. Ila mtumishi aliyepewa alama ya juu miaka mitatu mfululizo na bado anasubiri daraja lake hatauamini kwa sababu tu umehamia kwenye kompyuta. Tusisahau kwamba mwaka 2016 upandishaji wa madaraja ulisitishwa kupisha uhakiki, na mwaka uliofuata watumishi 9,932 walitajwa kuwa na vyeti vya kughushi. Uhakiki ulikuwa wa haki. Lakini wale waliokuwa na vyeti halali walisubiri pamoja na waliokuwa navyo feki, na nimewaandalia mafao wastaafu ambao kusubiri kule kulikata pensheni zao.

Kati ya mabadiliko niliyoyashuhudia, lililogusa moyo wa watumishi kuliko yote halikuitwa motisha hata kidogo. Kuanzia mwaka wa fedha 2017/18 fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, unaochangiwa na wahisani, zilianza kuingia moja kwa moja kwenye akaunti za zahanati na vituo vya afya badala ya kukaa wilayani. Nilitembelea zahanati moja miezi michache baadaye kwa ajili ya uhakiki wa watumishi, na mganga mfawidhi, mama mtu mzima ambaye nilimfahamu kama mlalamikaji hodari, hakunilalamikia chochote. Alinishika mkono akanipeleka chumba cha kujifungulia kunionyesha betri mpya ya sola na taa juu ya kitanda. Alikuwa ameiomba wilayani kwa barua kwa miaka miwili, akizalisha kwa tochi ya simu iliyoshikwa na ndugu wa mama mjamzito. Sasa alikaa na kamati yake ya zahanati, wakapitisha, wakanunua. Risiti aliitunza ndani ya mfuko wa nailoni, akanitaka niisome. Mshahara wake mwaka huo haukuongezeka kwa shilingi hata moja.

Nilirudi ofisini nikafungua daftari la kaunta. Kila barua ya mtumishi iliyopita siku saba bila jibu niliiandikia jibu mwenyewe, hata kama jibu lenyewe lilikuwa kwamba bajeti haina fedha na ombi litaingizwa mwaka ujao. Baadhi ya wakuu wa idara waliniona ninatafuta sifa, na mmoja aliniambia kwamba ukimjibu mtumishi unampa ushahidi. Yule mwalimu wa hisabati alijibiwa kwa barua ya kurasa mbili iliyoonyesha jambo lake limekwama ofisi gani na kwa sababu ipi. Mshahara ukarekebishwa mwaka wa fedha uliofuata, na malimbikizo yakalipwa kwa awamu mbili. Baada ya barua ile hakuja tena mjini. Alinipigia simu mara moja tu, siku malimbikizo yalipoingia, akashukuru kwa sentensi moja, kisha akauliza kama ikama ya mwaka huo ilikuwa imeomba mwalimu wa pili wa hisabati kwa shule yake.