Papi wa aina ndogo hataki kula? Usisubiri njaa imfundishe

Swali ninaloletewa kila mara ni lile lile: dokta, nimechukua papi, yaani mtoto wa mbwa, wa aina ndogo ya Chihuahua ana wiki tano, namwekea chakula anakinusa anaondoka, nifanyeje? Na kabla hajafika kwangu ameshauliza watu kumi, na nusu yao wamemwambia mwache tu, akibanwa na njaa atakula mwenyewe. Kwa mbwa mkubwa mwenye afya sawa, anaweza kususa hata siku nzima na jioni akala kama kawaida, ila kwa hawa papi wa aina ndogo ushauri huo unaua, na hapo siongezi chumvi.

Iko hivi. Sukari ya akiba mwilini inakaa kwenye ini na kwenye misuli. Sasa mtoto wa Yorkshire Terrier wa wiki sita ini lenyewe dogo, misuli hana ya maana, mafuta hana, halafu kwa udogo wake anapoteza joto haraka kwa hiyo anachoma nguvu nyingi ili tu asipoe. Akikaa masaa machache tumbo tupu sukari ya kwenye damu inashuka, na ikishashuka ndo anazidi kukosa hamu ya kula, yaani huyo unayemsubiri asikie njaa ndo kwanza anazidi kupoteza nguvu ya hata kuinuka akale. Utamwona amelegea, anayumba akitembea kama mlevi, anatetemeka, ukimwita anakutazama tu kama hakuoni, na wengine wanaishia kwenye degedege. Kwa Chihuahua, Yorkshire Terrier, Maltese, Pomeranian na wenzao hatari hii inaenda mpaka miezi 3 hadi 4 hivi, ndo maana mimi papi wa namna hii akikosa mlo mmoja naanza kumfuatilia, akikosa miwili mfululizo nataka nimwone.

Ukimkuta katika hali hiyo, chukua asali au maji mazito ya sukari, paka kwenye fizi kwa kidole, kidogo kidogo. Usimmiminie mdomoni, kama hajitambui vizuri itaenda kwenye mapafu na utakuwa umeongeza tatizo juu ya tatizo. Mfunge kwenye kitambaa chenye joto na uondoke naye kwenda kwa daktari, hata kama njiani ameamka na anatikisa mkia, maana sukari ya asali inaisha haraka na anaweza kurudi pale pale.

Haya, tuje kwenye kula kwenyewe. Kitu cha kwanza ninachofanya papi akiletwa kwangu eti anachagua chakula ni kumfungua mdomo. Meno ya utoto yanaanza kutoka kwenye wiki ya 3 na yanakuja kutimia 28 karibu na wiki ya 8, na kwa aina ndogo mara nyingi yanachelewa kidogo. Unakuta fizi zimevimba kidogo, vijino vya mbele vimechungulia tu kama punje za mchele, huku nyuma hakuna kitu kabisa, na mwenye mbwa kamwekea chakula kikavu kigumu cha mbwa wazima. Huyo hachagui jamani, hana cha kutafunia! Na wengi wao wametolewa kwa mama mapema mno, papi anatakiwa akae na mama mpaka wiki 8 angalau, na kwa hawa wadogo kabisa hata zaidi ya hapo haina neno.

Chakula kiandae hivi: nunua chakula kikavu cha papi, sio cha mbwa mzima, ukipata cha aina ndogo ni bora zaidi kwa sababu punje zake ni ndogo na kina nguvu nyingi kwenye ujazo mdogo. Weka kipimo kimoja cha chakula kwa vipimo vitatu vya maji ya uvuguvugu, au maziwa maalumu ya unga ya watoto wa mbwa ukiyakoroga kama pakiti inavyosema, acha dakika 15 au 20 mpaka punje zivimbe na kulainika zote, kisha saga kwenye blenda au ponda kwa uma mpaka upate uji, ukiupitisha kati ya vidole usisikie bonge hata moja. Chovya kidole ukiinue, uji ushike kwenye kidole na udondoke taratibu, ukikimbia kama maji ni mwepesi mno, usipodondoka kabisa ni mzito kwa siku za mwanzo. Maziwa ya ng'ombe achana nayo, maziwa ya mama mbwa yana mafuta na protini zaidi ya mara mbili ya hayo na sukari ya maziwa kidogo, kwa hiyo ukimpa ya ng'ombe anapata lishe pungufu na juu yake anaharisha, na papi wa gramu mia tano akiharisha anakauka maji haraka sana.

Halafu joto, hapa ndo watu wengi wanapokosea. Chakula kikitoka kwenye friji hakina harufu, na papi wa umri huu anaongozwa na pua kuliko macho. Kipashe kifikie joto la mwili wake, kama nyuzi 38, ukitia tone ndani ya kifundo cha mkono usilisikie la moto wala la baridi. Ukitumia maikrowevu koroga vizuri kabla ya kumpa, huwa inaacha sehemu moja inaunguza na nyingine baridi. Mara nyingi kupasha tu kunamaliza kesi, mtu anarudi ananiambia dokta kumbe alikuwa anakipenda.

Tumia kisahani bapa, sio bakuli lenye kina, kwa sababu papi hajui bado kupima umbali wa mdomo na chakula, anazamisha pua yote anashtuka na siku ya pili anakikimbia kile chombo. Na tafadhali ile tabia ya kumshika kichwa ukamgandamiza pua kwenye chakula iache kabisa, akivuta pumzi chakula kikiwa puani kinaingia kwenye mapafu na nimonia ya namna hiyo ni ngumu kutibu kwa kiumbe kidogo vile. Sirinji nayo ni hivyo hivyo, kwa mtu asiyefundishwa kuitumia siipendi. Weka uji kwenye ncha ya kidole umpake kwenye mdomo wa juu karibu na pua, atautoa ulimi alambe, mpake tena, akianza kufuata kidole kishushe taratibu mpaka kiguse kisahani. Siku ya kwanza atalamba mara mbili, apige chafya, akanyage katikati ya sahani kisha akae pembeni analamba miguu yake, na mimi hiyo nahesabu amekula. Ukimaliza mfute kwa kitambaa cha uvuguvugu na umkaushe, manyoya mabichi yanampoza.

Kama bado yuko na mama yake, mtenge na mama kama saa moja kabla ya kumpa uji ili aje na njaa kidogo, kisha mrudishe anyonye, hakuna haja ya kumkatisha ziwa ghafla. Kama hana mama mpe mara 5 au 6 kwa siku, na ule mlo wa usiku kabla hujalala usiuruke, ukiamka tu asubuhi anza na yeye ndo ufanye mengine. Uji uliokaa nje zaidi ya nusu saa mwaga.

Kuna watu huongeza vitu ili kumshawishi. Nyama ya kuku iliyochemshwa bila kitu ukaisaga, kijiko kidogo juu ya uji, sina ugomvi nayo kwa siku mbili tatu. Kitunguu cha aina yoyote hapana, chumvi hapana, kalisiamu ya ziada hapana, chakula cha papi kinayo tayari. Siagi ya karanga soma lebo kwanza, zingine zimewekwa zailitoli badala ya sukari, na hiyo kwa mbwa inaporomosha sukari ya damu, yaani ndo kile kile tunachokikimbia.

Nunua mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu, mpime kila siku muda ule ule na uandike. Tumbo kuwa duara sio shibe, linaweza kuwa minyoo, ambayo papi anaipata kwa mama tangu tumboni na kwenye maziwa, ndo sababu dawa inaanza wiki ya 2 na kurudiwa kila wiki mbili mpaka ya 8, kwa kipimo cha uzito wake, sio kidonge cha mbwa mzima kukatwa nusu kwa macho. Uzito usipopanda kwa siku moja angalia joto la chumba na chakula, ukishuka mlete. Na kama maziwa yanamtokea puani akinyonya mlete leo, huenda kaakaa lina ufa na hapo uji wa aina yoyote hautasaidia.

Akishazoea, punguza maji kidogo kidogo kila baada ya siku 3 au 4, weka na kisahani cha maji safi kuanzia wiki ya 4, na kufikia wiki ya 7 au 8 wengi wanakula punje zilizolainishwa kidogo tu au kavu kabisa. Asiyetaka kavu muache na laini, hakuna anayeshindana. Kinyesi kikilegea baada ya kuongeza uzito wa uji, rudi kwenye ule wa siku tatu nyuma ukae hapo kwanza. Kikiwa maji matupu au kina damu usihangaike na uji, mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo.