Shaba ndani ya chuma: kinachoisubiri Port Talbot

Tangu tanuru la mwisho la makaa lizimwe Port Talbot, Wales, tarehe 30 Septemba 2024, wengi wanasema viwanda vya Uingereza vimekufa. Si hivyo. Tata Steel inajenga pale tanuru la umeme la kutoa takriban tani milioni 3 za feleji (chuma kilichosafishwa) kwa mwaka: pauni bilioni 1.25, serikali ikichangia milioni 500. Feleji itaendelea kutoka. Watu ndio wanaopungua, kwa maelfu, maana kazi ya kutunza koki (makaa yaliyookwa) na mawe ya chuma usiku na mchana imekwisha.

Ila sisi wa Lubumbashi, tunaoijua shaba, tunaona jambo ambalo wanasiasa wa kule hawaligusi.

Tanuru la umeme linakula vyuma chakavu: kama tani 1.1 kwa kila tani ya feleji. Ndani ya gari lililosagwa mna nyaya na mota zenye shaba. Silikoni na fosforasi unaziunguza kwa oksijeni, zinapanda kwenye mabaki yanayoelea juu, ndugu wa yale yaliyojenga kilima chetu cheusi kando ya bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya madini ya serikali. Shaba haiondoki hivyo, kwa sababu chuma chenyewe kinaungua kabla yake.

Balaa linatokea kwenye roli, mitungi mizito inayobana chuma kiwe chembamba. Bamba linapashwa moto hadi nyuzi 1,200 hivi, oksijeni inakula chuma cha juu, shaba inarundikana chini ya magamba ya kutu. Inayeyuka kwenye nyuzi 1,085, kwa hiyo inapenya kati ya chembe za chuma, na bamba likibanwa linapasuka nyufa. Nondo ya kujengea huvumilia shaba hadi asilimia 0.4. Bati la mlango wa gari linataka karibu 0.06. Na Port Talbot haiishi kwa nondo, inaishi kwa koili za bati.

Kuongeza nikeli, metali nyingine, husaidia, lakini bei yake, ah! Kuchanganya na chuma kipya kilichotoka kwenye madini pia husaidia: chakavu chenye shaba asilimia 0.3, ukitaka ishuke hadi 0.1, kila tani inadai tani mbili za chuma kisicho na shaba. Hapo huenda unarudi kuagiza kwa wenye matanuru ya makaa.

Naamini zaidi kuchambua kabla ya kusaga. Sumaku peke yake haitoshi: bobina, yaani waya wa shaba, imezungushwa kwenye moyo wa chuma, basi sumaku inavuta vyote pamoja. Vijana wa chakavu wa Katuba, mtaa wa hapa kwetu, wanaifungua mota kwa nyundo na patasi, maana shaba inalipa kuliko chuma. Wales, mshahara wa saa moja unapita thamani ya shaba ya mota ndogo, kwa hiyo gari linasagwa zima, halafu unanunua mashine za eksirei za kutenganisha vipande, pamoja na mafundi wachache wa kuziendesha.

Sampuli hupimwa kabla ya kumwaga. Shaba ikizidi, mzigo huo hauendi kwa mtengeneza magari. Utauzwa kama feleji ya ujenzi, kwa bei ya chini.